Chini ya kitovu panadunda: ni mimba, ni mshipa, au ni nini hasa?

Mtu akisema chini ya kitovu panadunda, majibu anayopewa huwa hayazidi matatu: una mimba, una minyoo, au mshipa umevimba na utapasuka muda wowote. Jibu la kwanza linamkimbiza kwenye kipimo, la pili linamnywesha dawa ambayo pengine hakuihitaji, la tatu linamnyima usingizi. Na katika wote waliomjibu hakuna hata mmoja aliyeuliza jambo la maana kuliko yote, kwamba hayo mapigo yanakwenda kwa mwendo gani, yako sawa na moyo au yana mwendo wao wenyewe? Mimi naona hapo ndo pa kuanzia, maana ukishajua mwendo umeshapata nusu ya jibu hata kabla daktari hajakugusa.

Tuwekane sawa kwenye maneno kwanza. Tumbo la chini ni eneo lote kuanzia kitovuni kushuka mpaka kwenye mfupa wa kinena, na kwa upana ni kutoka nyonga ya kulia mpaka ya kushoto. Humo ndani kuna utumbo mwembamba, sehemu ya utumbo mpana, kibofu cha mkojo, kwa mwanamke kuna kizazi na mirija na ovari zake, na nyuma kabisa, mbele ya uti wa mgongo, kuna mishipa mikubwa ya damu. Juu ya vyote hivyo kuna ukuta wa tumbo, yaani misuli, mafuta na ngozi. Sasa tukisema panadunda, panapwita, panacheza au panagonga, tunayatumia haya maneno kama kitu kimoja wakati mwili unaweza kuwa unafanya mambo tofauti kabisa. Inaweza kuwa damu inasukumwa kwenye mshipa, inaweza kuwa msuli wa ukutani unashtukashtuka, inaweza kuwa kiungo chenye uwazi ndani kama utumbo au kizazi kinajikaza na kujilegeza, na inaweza kuwa mtoto, kama yupo. Ukiacha maumivu, ambayo nitayaweka peke yake huko chini, karibu kila kitu utakachosikia hapo kinaangukia kwenye moja ya hayo manne.

Jinsi ya kupima mwenyewe

Lala chali, kunja magoti ili tumbo lilegee, weka kiganja kimoja pale panapodunda bila kukandamiza. Mkono mwingine weka vidole viwili shingoni pembeni ya koo, upande mmoja tu, mpaka usikie mapigo. Usitumie kidole gumba maana nacho kina mapigo yake yatakuchanganya. Tulia kama nusu dakika hivi usikilize sehemu zote mbili kwa pamoja.

Kama tumbo na shingo vinakwenda pamoja, au tumbo linachelewa kidogo tu kama unywele, hiyo ni damu. Ni moyo wako unausikia kwa mbali. Kama tumbo linacheza mara tatu haraka haraka alafu linanyamaza, alafu linaanza tena bila kufuata shingo, basi sio mshipa, ni msuli au utumbo au mtoto. Ukitaka uhakika zaidi inuka utembee kwa haraka dakika mbili tatu alafu ulale tena, cha damu kitakuwa kimeongeza kasi sawasawa na moyo, cha msuli hakijali. Mtu mzima aliyetulia moyo wake unapiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika, kwahiyo hata kuhesabu tu kwa saa kunasaidia.

Najua hiki sio kipimo cha hospitali na hakimwambii mtu kwamba hana ugonjwa, kinachofanya ni kukuambia unaongelea kiungo gani. Lakini hilo peke yake linapunguza mkanganyiko mwingi sana.

Tuseme umekuta ni damu

Mshipa mkubwa kuliko yote mwilini unaitwa aota. Unatoka moyoni, unapinda, unashuka kifuani na kuingia tumboni ukiwa umeegemea uti wa mgongo, kidogo upande wa kushoto wa mstari wa katikati. Ukifika karibu na usawa wa kitovu unagawanyika mara mbili, tawi moja linakwenda nyonga na mguu wa kulia, jingine kushoto. Kwa mtu mzima upana wake tumboni ni kama sentimita 2, kwahiyo sio kamshipa, ni bomba. Fikiria mpira wa kumwagilia maji uliofungwa kwenye bomba alafu mtu anafungua na kufunga kwa haraka, ukiushika mpira mita kadhaa mbali bado unagonga mkononi kila maji yanaposukumwa. Moyo nao haumwagi damu mfululizo, unasukuma kwa mapigo, na kila pigo linasafiri ukutani mwa mshipa kama wimbi mpaka mwisho.

Ndo maana watu wengi wanasikia pale juu ya kitovu au penyewe kitovuni, na huko chini wanachosikia ni yale matawi mawili, au ni lile wimbi tu linalosambaa kwenye nyama zilizo jirani. Pia kitovu hakikai pahala pamoja kwa kila mtu, aliyewahi kuwa na tumbo kubwa likapungua au aliyezaa, kitovu kinaweza kushuka, kwahiyo anachokiita chini ya kitovu sio lazima kiwe sawa na cha mwenzake. Na ukishuka zaidi mpaka kwenye mkunjo wa paja, hapo mapigo ni ya kawaida kabisa, huo ni mshipa wa paja na madaktari wanautafuta hapo hapo kila siku.

Sasa swali linalowasumbua wengi: kama aota imekuwepo tangu nizaliwe kwanini nimeanza kuisikia leo? Sababu ziko nyingi na nyingi hazina hatia. Mtu mwembamba ana nafasi ndogo kati ya ngozi na uti wa mgongo, wengine kabisa wanaona tumbo likiruka kwa macho, na aliyepungua uzito karibuni anaweza kuanza kusikia kitu ambacho zamani kilifunikwa na mafuta. Kulala chali kunanyoosha tumbo na kusogeza utumbo pembeni. Ukishakula, damu inayokwenda kwenye utumbo inaongezeka kwa saa moja mpaka tatu hivi. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu vinaharakisha moyo. Homa, upungufu wa damu na tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi vyote vinafanya mapigo yawe mazito, na hapa ndo mahali ambapo mapigo ya tumbo yanaweza kuwa dalili ya kitu kingine kilicho mbali na tumbo. Mtu anayesikia mapigo tumboni, masikioni na kifuani kwa pamoja alafu anachoka akipanda ngazi, huyo aangaliwe damu yake kabla hajaanza kuhangaika na tumbo.

Alafu kuna wasiwasi. Watu hawapendi kusikia hili kwasababu wanaona kama wanaambiwa wanajitungia, lakini sivyo. Ukiwa na hofu moyo unapiga kwa nguvu kweli, na ubongo nao unaongeza umakini kwenye kile unachokiogopa, kwahiyo mapigo yanakuwa makubwa kweli na usikivu wako wa mambo ya ndani ya mwili nao unakuwa mkali kweli. Unasikia, unaogopa, unasikia zaidi, na usiku ndo mbaya maana hakuna kelele nyingine za kukupoteza. Anayeshika tumbo lake mara thelathini kwa siku kuangalia kama bado panadunda atakuta panadunda mara thelathini, aota haina likizo.

Je mshipa unaweza kuwa umevimba kweli?

Unaweza, na hapa sitaki kumpoza mtu kwa uongo. Ukuta wa aota unaweza kulegea sehemu moja na kutanuka taratibu kwa miaka. Ukifika sentimita 3 au zaidi madaktari wanauhesabu kuwa umetanuka, na kwa mwanaume ukifika sentimita 5.5 kwa kawaida ndo mazungumzo ya upasuaji yanaanza, kwa mwanamke huwa ni mapema kidogo, kama 5. Chini ya hapo mtu anafuatiliwa tu kwa ultrasaundi kila baada ya muda kwasababu hatari ya kupasuka ni ndogo kuliko hatari ya kisu chenyewe.

Ila angalia nani anapata. Wengi ni wanaume waliovuka miaka 65, na sigara ndo mkosaji mkubwa, ikifuatiwa na presha ya juu na kuwa na mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyewahi kupata. Uingereza inawaita wanaume wote wanapofika miaka 65 wapimwe mara moja, na Marekani wanapendekeza ultrasaundi moja kwa wanaume wa miaka 65 mpaka 75 waliowahi kuvuta sigara. Kwahiyo binti wa miaka 22, mwembamba, asiyevuta, anayesikia tumbo linadunda akilala, hofu yake na uwezekano wake haviendani kabisa. Mzee wa miaka 70 aliyevuta sigara miaka thelathini na hajawahi kupimwa, huyo hata kama hasikii chochote anafaa kupimwa, na hilo ndo gumu lenyewe: mshipa uliotanuka mara nyingi hausemi kitu. Wengi wanaugundua kwa bahati wakiwa wanapimwa kitu kingine.

Mtu maarufu aliyekufa na ugonjwa huu ni Albert Einstein. Mwaka 1948 daktari Rudolf Nissen alimfanyia upasuaji na kuuzungushia mshipa karatasi laini ya selofani ili iukaze, maana wakati huo hakukuwa na njia nzuri ya kuukarabati. Aliishi miaka mingine zaidi ya sita, mpaka Aprili 1955 ulipopasuka, akakataa kufanyiwa upasuaji tena, akafariki akiwa na miaka 76. Leo mambo ni tofauti, mshipa unaweza kuwekewa bomba la ndani kupitia paja bila hata kupasua tumbo, kwa wale ambao umbo la mshipa linaruhusu.

Daktari akikushika tumbo anatafuta kitu tofauti na unachotafuta wewe. Wewe unauliza kama panadunda, yeye anaweka mikono miwili pande zote za mshipa na kuangalia kama vidole vyake vinasukumwa kwenda pembeni, yaani kama bomba linapanuka kila pigo, na upana wake ni kiasi gani. Kudunda kwenda juu tu ni kawaida. Kudunda kwenda pembeni kwenye kitu kipana ndo kunampeleka kwenye ultrasaundi. Na hata yeye kwa mtu mnene anaweza kukosea kwa mikono, kwahiyo usijikandamize mwenyewe kitandani ukidhani utajua, picha ndo inajua.

Ukikuta haifuati moyo

Hapa wengi wao ni msuli. Misuli ya tumbo ina nyuzi nyingi sana na saa nyingine kikundi kidogo cha nyuzi kinashtuka chenyewe bila kuamrishwa, sawa kabisa na kope inavyocheza. Unahisi kitu kama kidole kinakugonga kwa ndani, mara nne tano, kinaacha, kinarudi baada ya dakika kumi, na mara nyingi ukiangalia unaona ngozi inatikisika sehemu moja ndogo kama sarafu. Kukosa usingizi, mazoezi ya tumbo ya jana, kahawa nyingi, msongo wa mawazo, kutokwa jasho jingi bila kunywa maji, vyote vinaleta. Inaweza kukaa siku kadhaa alafu ikaondoka bila kuaga. Watu wakisoma kwenye simu wanakutana na magonjwa makubwa ya mishipa ya fahamu na wanaishiwa nguvu, lakini kwenye magonjwa hayo kinachowaleta wagonjwa hospitali kwa kawaida ni udhaifu, yaani mkono unadondosha vitu, mguu unakwama, sauti inabadilika. Msuli kucheza peke yake, nguvu zikiwa zimebaki kamili, ni hadithi nyingine.

Utumbo nao una mwendo wake na sio siri. Tumbo la chakula linajikaza kama mara 3 kwa dakika, mwanzo wa utumbo mwembamba kama mara 12, na mwisho wake, ambao uko chini kulia, kama mara 8 au 9. Siku nyingi husikii, ila ukiwa na gesi au ukiwa na njaa au tumbo limevurugika unasikia kitu kinabiringika, kinasogea, kinanguruma. Utumbo mpana wenyewe una misukumo mikubwa michache kwa siku, na mingi inakuja baada ya kula, ndo maana mtu anamaliza chakula na hapo hapo chini kushoto panavuta alafu anatafuta choo. Alama ya utumbo ni kwamba unasafiri, hautulii pahala pamoja, na ukijamba au ukienda choo unapungua.

Kwa mwanamke kizazi ni msuli mtupu, na kinajikaza hata bila mimba. Siku za hedhi kinajikaza ili kutoa damu na ule mkazo ndo maumivu yenyewe. Wengine wanausikia kama mpwito siku moja mbili kabla. Mwanamke akifika kileleni misuli ya nyonga na kizazi inapwita, na inaweza kuendelea kwa muda mfupi baadaye, na hili naliandika wazi kwasababu wapo wanaolificha na kubaki na hofu ya bure. Wanaume pia wana misuli ya sakafu ya nyonga, ikichoka au ikikaza kwa kukaa sana au kwa wasiwasi inaweza kuchezacheza kati ya kinena na njia ya haja kubwa. Sio ugonjwa wa wanawake peke yao.

Sasa mimba, maana ndo swali la wengi

Kudunda chini ya kitovu sio kipimo cha mimba. Nalisema bila kupindisha. Angalia hesabu yenyewe. Moyo wa mtoto unaanza kuonekana kwenye ultrasaundi karibu na wiki ya 6, tukihesabu kutoka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na wakati huo mtoto mwenyewe hajafika sentimita 1. Kizazi mpaka wiki ya 12 bado kiko ndani ya nyonga nyuma ya mfupa wa kinena. Kitu cha milimita chache kilichofichwa nyuma ya mfupa hakiwezi kukugonga mkononi. Kwahiyo yule anayesema nimechelewa siku tano na tayari nasikia mtoto anadunda, anachosikia ni chake mwenyewe, iwe ana mimba au hana. Kipimo cha mkojo kuanzia siku ambayo hedhi ilipaswa kuja na haikuja kitamjibu vizuri zaidi kuliko kiganja.

Ila kuna ukweli mdogo umejificha humo ndo maana imani hii haifi. Mwanamke mjamzito damu yake inaongezeka, mpaka mwisho wa mimba inakaribia kuwa nusu zaidi ya ile aliyokuwa nayo, na moyo unaanza kufanya kazi zaidi mapema kabisa. Kwahiyo mjamzito anaweza kweli kusikia mapigo tumboni kuliko zamani. Mapigo ni ya kwake, mimba imeyapa tu nguvu. Na kwa kuwa mambo mengine mengi yanafanya hivyo hivyo, huwezi kurudi nyuma ukasema panadunda basi nina mimba.

Mtoto kucheza kwenyewe kunaanza kusikika kati ya wiki ya 18 na 20 kwa mimba ya kwanza, na aliyewahi kuzaa anaweza kuhisi mapema kama wiki ya 16 kwasababu anajua anachotafuta. Mwanzoni sio teke, ni kama mpapaso, wengi wanadhani gesi. Baadaye, hasa miezi mitatu ya mwisho, kuna kitu kinachowachanganya kwelikweli: mapigo madogo yanayorudiarudia sawasawa, pahala pamoja, dakika kadhaa. Hiyo ni kwikwi ya mtoto, haina shida. Unaitofautisha na mshipa wako kwa lile lile zoezi la shingoni, kwikwi inakwenda polepole na haifuati moyo wako.

Na je, moyo wa mtoto unaweza kuusikia kwa mkono tumbo likiwa kubwa? Hapana. Moyo wake unapiga mara 110 mpaka 160 kwa dakika, ni mdogo, umezungukwa na maji na ukuta wa kizazi, unahitaji kifaa. Hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwasababu yupo mama ambaye mtoto amepunguza kucheza, anaweka mkono tumboni, anasikia mapigo, anajiambia mtoto yupo salama alafu analala. Alichosikia ni aota yake. Mtoto akipunguza kucheza kuliko alivyozoea mtu anakwenda kuangaliwa siku hiyo hiyo, asisubiri kesho na asijipe moyo kwa mkono, wala kwa kile kimashine cha kusikilizia nyumbani ambacho kinaweza kabisa kushika mapigo ya mama mwenyewe.

Waliowahi kuzaa pia wanasimulia kusikia mateke miezi au hata miaka baada ya kujifungua. Wengi wao ni utumbo na misuli, ubongo umeshajifunza kuyasoma mapigo ya hapo kama mtoto. Kama kuna uwezekano wa mimba, pima, kama hamna basi hamna.

Minyoo nayo tuimalize haraka. Minyoo mikubwa ya duara inaweza kufika sentimita 30 na inaishi kwenye utumbo mwembamba, ni kweli inatisha. Lakini wengi wenye minyoo hawasikii chochote, na ikileta dalili huwa ni maumivu ya tumbo, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, sio mapigo yenye mpangilio. Mnyoo hauna mapigo ya moyo ya kukugonga nayo. Kama unataka kujua, peleka choo kikapimwe, usinywe dawa kwasababu tumbo linadunda.

Kudunda na maumivu ni kesi nyingine

Mpaka hapa nimeongelea kudunda kusikouma. Kukiwa na maumivu yanayopwita mambo yanabadilika, na hata lile zoezi la shingoni linapoteza nguvu. Watu wanadhani maumivu yanayopwita yanafuata moyo, lakini utafiti wa mwaka 2012 uliolinganisha mpwito wa jino linalouma na mapigo ya moyo ya mgonjwa huyo huyo ulikuta haviendi pamoja. Kwahiyo kwenye maumivu usihesabu mapigo, angalia mahali, kasi ya kuja, na kilichoambatana nayo.

Maumivu yanayoanzia kitovuni alafu ndani ya saa kadhaa yanahamia chini kulia, ukikohoa au ukirukaruka yanachoma, hamu ya kula imepotea, hiyo inafanana na kidole tumbo na haitaki kusubiri. Mwanamke ambaye hedhi imechelewa na ana maumivu upande mmoja, iwe anatokwa damu kidogo au hapana, hasa akisikia kizunguzungu au maumivu ya ajabu kwenye ncha ya bega, huyo apelekwe haraka kwasababu mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi na mrija unaweza kupasuka. Bega linaingiaje hapo? Damu iliyomwagika tumboni inachokoza kiwambo cha kupumulia, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na neva ya kiwambo inashirikiana na ya bega, ubongo unakosea anuani. Kijana wa kiume mwenye maumivu ya ghafla ya tumbo la chini aulizwe kuhusu korodani hata kama anaona aibu, maana korodani ikijinyonga ina masaa machache tu, kama sita hivi, kabla haijaanza kuharibika. Ngiri iliyokuwa inarudi ndani alafu leo imegoma, imekuwa ngumu na inauma, hiyo ni dharura.

Na lile la mshipa: maumivu makali ya ghafla tumboni au mgongoni, jasho baridi, kupauka, kutaka kuzimia, hasa kwa mtu mzima aliyevuka miaka 60. Hapo hakuna cha kupima mapigo nyumbani wala kumpa dawa ya tumbo asubiri, na baadhi ya wagonjwa wa aina hii wanadhaniwa kuwa na mawe ya figo kwanza, muda unapotea.

Kuna ambayo sio ya kukimbia ila ni ya kwenda: mkojo unaochoma au unaokuja kila dakika, uchafu ukeni wenye harufu pamoja na maumivu ya nyonga, uzito unaopungua bila sababu, damu kwenye choo, uvimbe unaoushika kwa mkono, na mapigo mapya ya tumboni kwa mtu aliyevuka miaka 60 aliyevuta sigara, hata kama hayaumi.

Ukienda, usiseme tu tumbo linadunda. Sema linafuata moyo au halifuati, linaanza lini, ukilala au ukila, liko pahala pamoja au linahama, hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini, dawa gani unatumia, na kama katika familia kuna aliyewahi kufa ghafla kwa mshipa. Kama ni msuli unaoonekana kwa macho urekodi kwa simu wakati msuli unacheza, kwasababu ukifika mbele ya daktari hautacheza. Na ukipigwa ultrasaundi uliza wamepima nini, maana ya kizazi inaangalia kizazi na ovari, aota inaweza kuwa haijaguswa kabisa, na majibu yakiandikwa kawaida yanahusu kile tu kilichoangaliwa.